Niazime Jicho

Tarehe 9 Februari

Shangazi,

Kabla hata sijakuamkia, niache niitoe kwanza sauti moja kichwani, maana nimerudi nayo nyumbani siku tatu mfululizo. Ni sauti ya kalamu ya kubonyeza. Ta. Ni kalamu ya kawaida ya wino wa buluu, lakini kila nikiuliza swali kazini inalia, halafu napewa jibu, halafu nasikia karatasi inakwaruzwa nyuma ya mgongo wangu.

Sasa shikamoo. Natumaini hamjambo hapo nyumbani na goti la bibi limepungua uvimbe. Mwambie nimepata chumba chenye dirisha kama alivyotaka. Linatazama ukuta, lakini ni dirisha. Mimi mzima na nakula vizuri, usimsikilize baba.

Kuhusu kazi. Maabara yetu inapima maji. Mchukua sampuli, mzee mmoja mpole asiyevua kofia yake ya sufu hata kwenye joto, anatuletea chupa kutoka kwenye matangi na visima. Tunamimina maji kidogo kwenye visahani vya plastiki vyenye chakula cha bakteria, tunavifungia kwenye kabati la joto, na baada ya siku mbili tunahesabu vidoa vilivyoota. Basi. Watu wanadhani maabara ni moshi wa rangi na darubini. Ni kuhesabu vidoa, Shangazi, mpaka ukifumba macho unaendelea kuhesabu.

Kisahani chenye vidoa vingi lazima kihesabiwe na watu wawili, kila mmoja kivyake, ndipo wote watie saini kwenye fomu. Kumwita huyo wa pili kuna maneno yake. Husemi "nisaidie." Unasema "niazime jicho." Siku ya kwanza nilidhani ni utani, nikacheka peke yangu chumba kizima.

Anayeombwa jicho kuliko wote ni mama mmoja aliyeanza kazi hapa kabla sijazaliwa. Ndiye mwenye kalamu, na wote wanamwita Mama Kalamu. Sijamwuliza kitu akakosa jibu. Lakini droo yake ya juu ina daftari la jalada jeusi, na nikishauliza tu analitoa, anabonyeza, anaandika. Wenzangu wakiuliza haandiki. Nimechunguza wiki tatu. Ni mimi tu.

Mwezi wa saba kipindi changu cha majaribio kinakwisha, na msimamizi ataamua kama nithibitishwe kazini au nifunge virago. Wewe ulikaa kiwandani miaka kumi na minane. Ungekuwa mimi, ungeendelea kuuliza?

Mtoto wako


Tarehe 23 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Barua imefika ikiwa imelowa pembeni lakini inasomeka. Bibi yako anasema dirisha linalotazama ukuta ni ukuta, na kwamba umwambie mwenye nyumba hivyo hivyo. Goti lake linamruhusu kutembea mpaka mlangoni kugombana na majirani, kwa hiyo tunashukuru.

Umeniuliza, nakujibu kifupi. Mtu anayejua kila kitu, halafu anaandika usichokijua wewe, anamwandikia nani? Hawezi kuwa anajiandikia mwenyewe. Yeye anajua tayari.

Ungekuwa mtoto mjinga ningekuambia uliza tu, watakuhurumia. Wewe si mjinga, kwa hiyo huhurumiwi. Usimwulize mambo madogo. Madogo ndiyo yanayojaza daftari. Jambo kubwa mtu anauliza mara moja na kila mtu anaelewa, lakini dogo ukiliuliza mara nne linageuka kuwa tabia yako. Na ukibanwa kabisa, muulize asiyeandika. Kila kazini yupo mmoja wa namna hiyo.

Vaa sweta. Nakujua.

Shangazi yako


Tarehe 30 Machi

Shangazi,

Shikamoo, na shikamoo ya bibi peke yake, asije akasema nimempunja. Mwenye nyumba ameambiwa maneno yake kuhusu ukuta. Alifikiri kidogo, kisha akasema hata yeye dirisha lake linatazama ukuta.

Nimefanya ulivyosema. Asiyeandika nimempata, anakaa meza ya pili kutoka kwenye sinki. Tunamwita Bwana Sawa kwa sababu hilo ndilo jibu lake la kila kitu. Bwana, niazime jicho. Sawa. Bwana, leo kabati la joto limeshuka digrii mbili. Sawa. Juzi mtu alimwambia kiatu chake kimefunguka kamba, akasema sawa akaenda nacho hivyo hivyo mpaka mchana. Ananichekesha. Nikiwa naye sijioni kama mtihani.

Droo ya Mama Kalamu haijafunguka kwa ajili yangu wiki tano sasa. Ningepumua, lakini kuna mambo mawili. La kwanza, alipita nyuma ya kiti changu Jumatano akasimama. Hakuangalia kisahani, aliniangalia mimi. Akasema, "Siku hizi umeshajua yote?" Akaenda zake. Nimeigeuza sentensi hiyo kila upande na sijapata upande mzuri. La pili, Ijumaa nilimwona akitoka kwa msimamizi na daftari jeusi kwapani. Kwa hiyo tulikuwa sahihi kuhusu linakoenda.

Sasa nikuulize kitu, na usinikasirikie. Ulijuaje kwamba mambo madogo ndiyo yanayojaza daftari? Hujawahi kunisimulia daftari lolote la kiwandani. Hujawahi kunisimulia kiwanda, kwa kweli, zaidi ya kwamba ulikuwa mkaguzi wa kola za mashati na ukaacha kwa sababu ya macho. Tangu nikiwa mdogo tunaambiwa tusikusumbue na mambo ya kusoma, shangazi macho yake mabovu. Nimeiweka barua yako hapa mbele yangu. Herufi zake ni ndogo kama ufuta, na hakuna mstari hata mmoja uliopanda au kushuka.

Huenda kazi ya kuhesabu vidoa imeniharibu. Lakini nimeona, na nikishaona siwezi kujifanya sijaona.

Mtoto wako


Tarehe 11 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Wiki sita. Baba ameniambia kwenye simu kwamba hujambo, kwamba ulikwenda kwao ukala, ukacheka, ukaosha vyombo. Kwa hiyo huumwi.

Kama nimekukosea, niambie nilikosea wapi. Kama sijakukosea, ukimya huu unasema kitu, na unajua mimi nitakaa nikisome mpaka nikielewe, hata kama nitakielewa vibaya.

Kazini hakuna jipya. Bwana Sawa anatia saini, mimi nahesabu. Mama Kalamu hanisemeshi zaidi ya salamu.

Mtoto wako


Tarehe 20 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Hujanikosea. Bibi yako alianguka kidogo bafuni, hakuvunjika kitu, ila sasa anataka kushikwa mkono halafu ukimshika anasema unamwendesha kama baiskeli. Mambo yamekuwa mengi.

Kuhusu macho, tuyaache.

Fanya kazi yako, mwezi wa saba si mbali. Nimekutumia sweta jingine kupitia kwa rafiki wa baba yako.

Shangazi yako


Tarehe 12 Juni

Shangazi,

Shikamoo wewe na bibi. Sweta limefika, linanitosha, asante. Mengine ya salamu utanisamehe, nitakuandikia vizuri nikitulia.

Nimefanya kosa, na nitakueleza kwa mpangilio, maana nikiliacha likae ovyo kichwani linaongezeka.

Jumatano ya tarehe tatu nilihesabu kisahani cha tangi la shule moja ya bweni. Vidoa vingine vilikuwa vimegusana mbilimbili, na sikujua kama vilivyogusana vinahesabiwa kimoja au viwili. Bwana Sawa alikuwa hajafika. Nikaenda kwa Mama Kalamu kwa mara ya kwanza tangu Februari. Alikiinamia kisahani akasema, "Ukiona kiuno, ni viwili. Usipoona kiuno, ni kimoja mnene." Akabonyeza kalamu, akaniuliza kwa hesabu hiyo napata vingapi. Nikahesabu pale pale mbele yake, nikamwambia arobaini na moja. Akaandika. Nilichukua kisahani changu nikaondoka upesi kama mtu aliyekanyaga maji ya moto, na sikumwomba jicho wala saini, ingawa jicho lake lilikuwa limeshakiangalia.

Nilimngoja Bwana Sawa. Alipofika nilimpa fomu, akasema sawa, akatia saini hata kabla hajavaa koti. Ijumaa, nikihamisha namba kwenye kitabu kikubwa, niliona mwandiko wangu mwenyewe umeandika 14. Kikomo cha fomu yetu kwa tangi kama lile ni ishirini. Shule ilikuwa imeshapewa cheti kwamba maji ni salama, na kisahani kilikuwa kimeshachomwa pamoja na vingine.

Nilifanya kitu kimoja papo hapo. Nilipiga simu shuleni nikasema wachemshe maji ya kunywa na kwamba tutachukua sampuli nyingine. Mpokea simu aliuliza kwa nini. Nikasema ni utaratibu. Uongo ulitoka mdomoni laini kabisa, umeshapigwa pasi. Sampuli mpya ililetwa Jumatatu, na juzi kisahani chake kimeonyesha vidoa arobaini na vinne. Tangi limefungwa, linasafishwa, na hakuna mtoto aliyeugua, nimeuliza mara tatu.

Ningeweza kukomea hapo. Lakini jana msimamizi aliuliza inakuwaje tangi moja litoe kumi na nne, na wiki moja tu baadaye litoe arobaini na nne. Akajijibu mwenyewe: ile chupa ya kwanza haikujazwa tangini. Mchukua sampuli alikwepa kupanda ngazi, akajaza chupa kwenye bomba lolote njiani. Mzee amesimamishwa kuendesha gari na kuchukua sampuli, anaosha chupa kwenye sinki mpaka alete maelezo ya maandishi. Amenifuata mimi, Shangazi. Amevua kofia, mara ya kwanza kumwona kichwa, akaniambia mimi ni msomi na yeye mwandiko wake hausomeki, nimsaidie kuandika kwamba alipanda ngazi.

Nimemwandikia. Nusu ukurasa. Yeye alipanda ngazi, na mimi ndiye ninayejua hivyo kuliko yeye mwenyewe.

Arobaini na moja haipo popote duniani isipokuwa kichwani mwangu na kwenye daftari jeusi. Nikisema, daftari litafunguliwa, na mle ndani niko mimi mzima: kila nisichokijua tangu Januari, na baada yake miezi ambayo sikuuliza, na kwenye fomu saini ya mtu ambaye hakuangalia. Wataliweka mezani mwezi ujao. Na yeye anakaa pale, Shangazi. Alisikia msimamizi akimtuhumu mzee. Aliiandika ile namba kwa mkono wake. Mbona hasemi? Anangoja nini?

Najua hupendi niulize. Nauliza. Daftari la kiwandani lilimfanya nini mtu?

Mtoto wako


Tarehe 21 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Bibi hajambo. Amelala, ndiyo maana naandika.

Macho yangu hayajawahi kuugua.

Kushoto kwangu kiwandani alikaa mwenzangu mmoja. Tulianza siku moja, tulikula pamoja, watoto wake walikuwa wakiniita mama mdogo. Miaka ya mwisho mwisho alianza kuniomba nimtungie uzi kwenye sindano. Asubuhi mara moja. Baadaye na mchana. "Nitungie uzi, dada, leo mwanga mbaya." Mwanga ulikuwa ule ule. Nilimtungia. Hakuomba mwingine yeyote, mimi tu, kwa sababu nilikuwa nafanya bila kumtazama, na yeye alipenda asitazamwe.

Nilipofanywa mkaguzi, mkubwa wetu alinipa daftari. Alisema niandike nani anaomba msaada na wa nini, ili wajue nani apelekwe mafunzo. Labda mwanzoni hata yeye aliamini. Nikaandika kama nilivyoambiwa, kwa mwandiko huu huu unaousifia. Nilimwandika na yeye. Leo kaomba kutungiwa uzi mara nne. Leo mara sita. Sikuona kama nasema neno baya juu yake. Nilikuwa najaza mistari, na nilikuwa najivunia ilivyonyooka.

Waliacha kumpa kazi siku ya Alhamisi. Hakujua ni nani aliyemwandika. Alipita kwenye meza yangu na mfuko wake akanishika mabega, akanishukuru kwa kumtungia uzi muda wote ule.

Nilikaa wiki tatu halafu nikaacha. Baba yako alipouliza sababu, mdomo ukasema macho. Nilichukua ugonjwa wake nikaufanya wangu, na nimeishi nao mpaka watoto wa ukoo mzima wakafundishwa wasinisomeshe barua.

Ndiyo hilo. Nilipokuambia muulize asiyeandika, nilikuwa najisema mimi. Huyo mama wenu simjui. Anaweza kuwa kama nilivyokuwa, na anaweza asiwe. Nilikupa hofu yangu nikaiita ushauri, ukaifuata, na sasa kuna mzee anaosha chupa.

Daftari linaweza kumtoa mtu kazini. Umeuliza, jibu ndilo hilo, sikufichi tena. Ila usiniulize ufanye nini. Nimeshakuambia mara moja.

Shangazi yako


Tarehe 1 Julai

Shangazi,

Shikamoo, na umshike bibi mkono hata akikuita baiskeli. Natumaini goti na usingizi wake viko salama. Baba anasema mmepanda mchicha nyuma ya jiko, na kwamba umekataa kuvaa miwani aliyokuletea. Nilicheka, halafu sikucheka.

Barua yako niliipata Jumamosi. Nimeisoma mara nyingi na sina la kukuhukumu, na kama ninalo, nitakuambia uso kwa uso, si kwa karatasi. Namfikiria sana yule mama wa uzi. Nafikiria jinsi alivyomchagua mtu mmoja wa kumwomba, na jinsi nami nilivyomchagua Bwana Sawa kwa sababu ile ile, ili nisitazamwe. Yeye alipata uzi wake, walau. Mimi nilikwenda kuazima jicho nikaazima mkono wa kutia saini.

Jumatatu asubuhi nilifika kabla ya wote isipokuwa Mama Kalamu, ambaye sijui hufika saa ngapi. Nilikuwa nimepanga maneno mengi. Nilipofika mbele ya meza yake yakabaki mawili, ya kazini.

"Niazime jicho."

Hakuuliza la nini. Alivuta droo, akatoa daftari, akalifungua mara moja tu na likafunguka mahali penyewe, kwa sababu kulikuwa na kikaratasi kimepachikwa. Ukurasa wa tarehe tatu Juni. Swali langu la viuno, jibu lake, na namba: arobaini na moja.

Nikamwuliza kikaratasi kimekaa hapo tangu lini. Akasema tangu siku ile mzee alipowekwa kwenye sinki. Nikamwuliza mbona hakusema.

"Nilikupa mpaka leo," akasema. "Leo mchana ningekwenda mwenyewe."

Sijui kama ni kweli, Shangazi. Wiki mbili na nusu ni nyingi kwa mtu kuosha chupa zisizo zake huku watu wawili wanajua. Nilimwambia hivyo. Alikubali kwa kichwa. Nikamwuliza pia lile lililonikaa kooni tangu Februari, kwa nini mimi tu. Akasema kila mgeni huandikwa miezi sita, hata Bwana Sawa aliandikwa, na msimamizi hulisoma daftari kabla ya kumthibitisha mtu. Akanifunulia kurasa zangu. Januari na Februari zimejaa. Machi, Aprili na Mei ni nyeupe, na juu ya ule weupe ameandika mstari mmoja: "Haulizi. Sijui kwa nini." Sikujua kama hilo linanitetea au linanizika, na uso wake haukusaidia.

Walipofika wenzangu nilisimama pale pale nikaeleza yote, namba, simu, neno "utaratibu," fomu. Mzee alikuwa kwenye sinki na alifunga bomba ili asikie. Nilipomaliza nikamgeukia Bwana Sawa. Nilingoja neno lake. Hakulisema. Alikuja kuichukua ile fomu, akaitazama saini yake kama anayeiona mara ya kwanza, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Ningeangalia, ningeona?" Nikamwambia ndiyo. Akavaa koti.

Msimamizi amesikia. Amesema tutaonana mwisho wa mwezi, na uso wake naye ni wa kusoma tu, sijausoma nikaumaliza. Mzee amerudishiwa gari lake jana. Alinipungia mkono dirishani na kofia yake kichwani, na sikujua nastahili vipi kupungiwa.

Kwa hiyo usinitafutie ushauri, wala usimwambie baba anitafutie mtu wa kuzungumza na msimamizi. Kabla sijatoka kwenye meza ya Mama Kalamu ile Jumatatu nilimwomba kalamu yake. Aliishika kidogo, kisha akanipa. Niliibonyeza mwenyewe, ta, nikaandika jina langu lote chini ya ile arobaini na moja, na tarehe. Halafu nikabeba daftari na fomu, nikavipeleka mwenyewe kwa msimamizi, nikavifungua mezani kwake mahali penye kikaratasi.

Mtoto wako